Lifti Iliyonishusha kwa Dirisha

Wapendwa, leo nimeaibika hadi masikio yakapata moto. Nawaambia mwenyewe kabla video haijawafikia. (Ndiyo, kuna video. Aliyeichukua simjui, lakini Mungu anamwona.)

Mnajua kwaya yetu ilikuwa inarekodi leo Ijumaa kule Keumbu. Na mimi Kerubo ndiye niliyepewa kuimba ubeti wa pili peke yangu. Wiki nzima nimeimbia ng'ombe. Nimeimbia migomba. Nikilala najiona mbele ya watu elfu moja, wote wanalia.

Nauli mama alinipa, na mtu wa bodaboda alikuja mpaka mlangoni kwetu Nyacheki. Nikamwangalia. Nikaangalia matope ya barabara. Nikaangalia rinda langu jeupe pe! Nikamwambia, "Wewe enda tu, mimi nitapata gari."

Miaka kumi na saba, na akili ya kifaranga.

Nikasimama kando ya barabara, nikainua mkono. Gari dogo la kijivu likasimama. Ndani mwanamume mmoja, peke yake, umri wa baba, shati limepigwa pasi. Akanisalimia kwa Kigusii. Hapo tu nikalegea. Si ni mtu wetu?

"Ingia mbele, moiseke, msichana wetu. Na wewe ni wa kwa nani?"

Sisi huku, mtu mzima akikuuliza hivyo hujibu jina moja ukanyamaza. Hiyo ni tabia mbaya. Unataja baba, unataja babu, unataja ukoo na mlima mnakoishi. Nami nikamwaga vyote. Binti ya Ogeto, wa kanisa lile, naenda kuimba, na simu yangu imezima chaji. (Hiyo ya simu hakuuliza. Nilimwongezea tu, bure.)

"Ogeto!" Akapiga usukani kwa furaha. "Huyo ni rafiki yangu kabisa! Jumapili hii tu tulikunywa chai kwake."

Baba yangu tulimzika nikiwa darasa la sita.

Nikatabasamu. Sijui kwa nini. Uso ulibaki ukitabasamu wenyewe.

"Kumbe," nikasema. "Na alikuwa anaendeleaje?"

"Vizuri sana. Amenenepa."

(Aki nawaambia, hata katika ile hofu, moyo wangu mjinga ulitaka kusikia zaidi.)

Mara gari likaacha lami, likaingia njia ya murram, udongo mwekundu mtupu. Chai kulia, chai kushoto. Hakuna nyumba.

"Mzee, Keumbu ni mbele."

"Napitia kuchukua mzigo kidogo. Unaharakia nini?"

Nikapapasa mlango polepole. Kishikio hakuna! Pale kilipokuwa, matundu mawili ya skrubu. Kioo cha dirisha kimeshuka nusu na hapo kimekwama.

"Mbona umenyamaza? Si ulisema unaimba? Niimbie."

Nikaimba. Ningefanya nini? Ubeti wa pili wote, meno yakigongana. Na ile sauti ya kutetemeka ambayo mwalimu wa kwaya amenitafutia mwezi mzima, ikaja yenyewe.

"Utaimba vizuri zaidi tukifika," akasema.

"Tukifika wapi?"

Akaongeza mwendo.

Tukakata kona, na hapo nikaona watu. Watu wengi! Kituo cha chai, pale wakulima wanapoleta majani kupimwa. Lori la kiwanda lilikuwa linarudi nyuma, limeziba njia yote. Mtu wangu akakanyaga breki.

"Tulia hapo," akasema taratibu. "Usifungue mdomo."

Nikatoa kichwa nje ya dirisha. Kichwa kikafuatwa na mabega. Halafu kiuno kikagoma. (Ugali wa mama huo.)

"Nisaidieni! Simjui huyu mtu! Nisaidieni!"

Ndani akanikamata mguu. Nje akina mama watatu wakanikamata mikono. Nikawa kamba ya michezo ya shule.

"Vuteni!"

"Polepole, mtamvunja!"

"Mabega yametoka, bado kiuno!"

"Jikaze, mama!" akapiga kelele mmoja, kama mkunga kabisa.

Nikatoka. Nilitoka kama ndama, kwa kishindo, nikaangukia kifudifudi juu ya majani ya mkulima mmoja, Mama Moraa, aliyokuwa ameyatandaza kwenye gunia akiyachambua. Gari likarudi nyuma kwa kasi, likageuka, likatoweka na kiatu changu kimoja. Vijana wa boda walilifukuza, likawapotea upande wa Nyamira. Nambari waliishika, na polisi wameiandika.

Halafu kituo kizima kikacheka! Wanaume walishikilia magunia wasianguke. Mimi nimeketi kwenye majani, rinda limekuwa kijani, sikio limejaa chai.

Aliyekosa kucheka ni karani wa mizani. "Majani yaliyolaliwa mimi sipimi," akasema. "Yameshavunjika hayo."

Mama Moraa akayatazama. Alikuwa ameyachuma tangu umande. Nikaanza kuyatoa kwenye nywele zangu, moja moja, nikimrudishia. Machozi yakaanza.

"Wewe karani," akasema Mama Moraa, "haya nitachuma mengine Jumatatu. Huyu ningemchuma wapi?"

Kicheko kikaisha hapo hapo.

Akanishika mkono. Yeye na wale akina mama watatu wakanisindikiza kwa polisi, kisha mpaka nyumbani, nimeshikwa mkono njia nzima kama mtoto wa nasari. Na kila waliyekutana naye: "Ni huyu! Ametoka kwa dirisha!" Wakasimulia soko zima. Mara ya nne nikawa nawasahihisha.

Ubeti wangu umeimbwa na mtu mwingine. Sijali. Mama hakunipiga, hakunigombeza. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu anayehakikisha nimerudi mzima.

Basi chekeni, nimewaruhusu. Lakini kuanzia leo, ukiniona natembea kwa miguu na wewe una gari, tafadhali, piga honi ya salamu tu, upite.