Matuta Mawili, Stoo Moja

Jumamosi, 4 Aprili
Mvua imelainisha ardhi na Mama ametangaza mashindano. Matuta mawili ya spinachi nyuma ya jiko. Moja langu, moja la mdogo wangu Chiriku, ambaye hanyamazi hata usingizini. Najua, tunalala chumba kimoja. Baada ya wiki tano, ambaye tuta lake litajaza kikapu atapewa ile stoo tupu iwe chumba chake. Chiriku anaitaka kwa kushonea nguo za wanasesere. Mimi nataka mahali pa kusoma bila kusimuliwa mambo. Nimeazima kitabu cha kilimo, kurasa mia tatu. Masikini Chiriku.

Jumatano, 15 Aprili
Tuta lake limechipua. Langu kimya. Kila jioni nafukua mbegu, nazipima kwa rula, nazifukia tena. Chiriku akaniuliza, Dada, wewe ukifunuliwa shuka kila siku utalala? Nikamjibu sayansi haina haraka. Yeye alizimwaga zake huku akisimulia harusi ya watu. Hata mistari hakupiga.

Alhamisi, 30 Aprili
Miche tisa. Nimehesabu mara mbili. Nimesoma kwamba mimea hupenda sauti tulivu, kwa hiyo nikaisomea sura ya mbolea. Jirani, fundi bomba, akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama naumwa. Nikajifanya natafuta kifungo. Aibu haijanitoka.

Jumamosi, 9 Mei
Kila tuta lina kibao chenye jina. Mama alikuwa ameapa kutokanyaga bustanini hadi leo, asije akapendelea. Basi hajui lipi la nani! Nikaamka alfajiri, nikatoka bila miwani isije ikametameta, nikabadilisha vibao.

Saa tatu Mama akaja na kikapu. Akasoma kibao cha tuta lililonawiri: Chiriku. Kwenye miche tisa: jina langu. Nikakisoma mwenyewe, safari hii na miwani.

Chiriku alicheka hadi akakaa chini. Kumbe jana jioni alinihurumia nilivyokuwa naisomea spinachi, akabadilisha vibao ili nishinde. Mimi nikavirudisha. Nimekutafunia, Dada, akasema, kumeza tu kumekushinda.

Mama akatutazama kwa zamu. Akasema matokeo ni halali, na wadanganyifu wote wawili watachambua spinachi ya kesho.

Jumapili, 10 Mei
Spinachi imepikwa kwa vitunguu na nyanya. Mchanga kidogo. Niliosha mimi. Miche yangu tisa ilinywea sufuriani ikatosha kijiko kimoja, na Baba akakila kwa heshima zote, kama anayeonja dawa.

Chiriku amehamia stoo. Dirishani ameweka cherehani. Upande wa pili, kiti na rafu. Akasema rafu ni ya vitabu vyangu, nije wakati wowote, nigonge tu mlango na kuomba. Ameahidi kunyamaza, hata nusu saa nzima.

Kugonga na kuomba. Rahisi hivyo? Hapana, lazima kuna mtego. Nimeandaa mpango wa hatua nne. Hatua ya kwanza ni kumsadikisha kwamba stoo ina panya. Kesho nikitoka shule naanza mazoezi ya kukwaruza ukuta.