Kinyozi Hufuata Vichwa

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Nimefungua duka, nikakung'uta shuka la kunyolea mlangoni kama kawaida, nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa ghala la mbao, kuna kioo kipya, kiti kipya cha kuzunguka, na mwanamume mrefu anafagia kizingiti. Kinyozi! Mbele ya kinyozi!

Tena si wa hapa. Jirani yangu dobi alikwenda kuchungulia tu, akarudi na habari: jamaa ametoka nchi ya pili, nyuma ya milima, na lafudhi yake inachekesha. Nikamuuliza mbona kuchungulia kumechukua asubuhi nzima. Akasema jamaa anawawekea wateja taulo la moto usoni. Nikamtazama vizuri. Uso wa dobi uling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Msaliti!

Mteja wangu wa leo: mmoja. Alikuja kuuliza duka la mgeni liko wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yake. Umoja wa Wenyeji! Mtaa una wenyewe, bwana. Leo kinyozi, kesho atakuja dobi wa kigeni, keshokutwa muuza mboga wa kigeni, mwisho sisi tutabaki wapangaji katika kumbukumbu zetu wenyewe. (Sentensi hiyo nimeitunga mimi. Itaingia kwenye hotuba.) Sharti la uanachama: babu yako awe amezaliwa mtaa huu.

Mke wangu kauliza kama isingekuwa rahisi kununua taulo. Mke wangu haelewi siasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano umefanyika dukani alasiri. Watu walijaa, maana nilitangaza soda. Hotuba ikapigiwa makofi. Mambo yakaharibika kwenye sharti.

Dobi, msema kweli asiyeombwa, akasema babu yake alikuja kujenga reli. Reli ikaisha, na nauli ya kurudi nayo ikaisha. Mama wa mboga aliletwa hapa kuolewa. Fundi baiskeli akasimulia jinsi wazazi wake walivyokimbia mafuriko wakiwa na mbuzi na mlango. Ndiyo, mlango. Ndio pekee uliosalia wa nyumba yao, na mpaka leo ndio anaoufunga usiku. Mwenye nyumba wetu, niliyemtegemea kama nguzo, akakohoa, akakiri kwamba babu yake alifika hapa akimkimbia mke wa kwanza. Kicheko! Kila mtu akataka kusimulia cha kwao. Mkutano wa kukataa wageni ukageuka mkutano wa wageni!

Nikabaki peke yangu: mwenyekiti, katibu na umma. Hapo mama yangu, aliyekuwa nyuma ya pazia akishona vifungo, akatoa kichwa.

"Na wewe ulizaliwa huko huko nyuma ya milima," akasema. "Tulivuka mvua zilipogoma. Nilikubeba mgongoni, nawe ukanikojolea njia nzima."

Makofi yakazidi yale ya hotuba yangu. Umoja umevunjika kwa kukosa wanachama. Soda zimeisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya: upelelezi. Nimevaa miwani ya mama na kofia ya marehemu baba, nikavuka barabara huku nachechemea, nikaketi kwenye kiti cha adui. Kulikuwa na kasoro ndogo katika mpango. Kwa kinyozi lazima uvue kofia.

Mgeni akakizunguka kichwa changu. Kisha, kwa heshima kubwa: "Karibu, kaka kinyozi."

Nikakana. Akashika kioo nyuma yangu, nikaona kisogo changu. Kina ngazi! Akasema ngazi za namna hiyo hujengwa na mtu aliyejinyoa mwenyewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nami miaka yote nilidhani wanatania.

Nikaamua kubaki, kwa ajili ya upelelezi. Nikamhoji kwa ukali kwa nini aliacha kwao. Akasema mgodi wa mji wao ulifungwa. Wakaondoka wachimbaji, wakafuata walimu, kisha vijana wote. Wateja wake wakabaki wazee watatu, na wawili wana vipara. "Kinyozi hufuata vichwa, kaka," akasema. Mkewe na binti zake bado wako kule, wanangoja apate chumba. Alipowataja, mkasi ulisimama kidogo hewani.

Nilikuwa na jibu kali. Taulo la moto likafika kwanza.

Nimelala. Nasikia nilikoroma mpaka wapita njia wakasimama.

Jumapili, 9 Machi

Mama amehama!

Nilisahau miwani yake kwa adui. Akaenda kuifuata mwenyewe, hakurudi. Nilipochungulia nikamwona ameketi mlangoni kwa mgeni, mikono hewani, anaongea lugha ambayo sijamsikia akiisema tangu baba alipofariki. Anacheka kama msichana. Halafu akalia. Mgeni amesimama na kitana chake, hajui akiweke wapi.

Aliporudi nikamuuliza kulikoni. Akasema yule kijana anayaita manyunyu kwa neno alilokuwa akitumia bibi yangu, mama yake mzazi. Alidhani neno hilo limekufa. Akaenda kulala bila kula.

Nimehisi kitu kimenibana kifuani. Mke wangu anasema ni aibu. Nadhani ni gesi.

Jumatano, 12 Machi

Shule zinafunguliwa kesho. Foleni mpaka kwa dobi! Nikaanza kwa madaha, na mtoto wa mwenye nyumba ndiye wa kwanza. Katikati ya kichwa chake mashine ikatoa moshi, ikafa. Nusu kipara, nusu msitu! Mtoto analia, mama yake anataja majina yangu yote, hata yale niliyoyaacha utotoni.

Mgeni akavuka barabara na mashine yake ya akiba, akaiweka mezani, akasema kama sitajali, atawachukua wale walioko nyuma kabisa ya foleni. Hakungoja shukrani. Afadhali, maana sikuwa nimeiandaa.

Tulinyoa mchana kutwa, yeye kule, mimi huku. Wakaja hata watu wa mitaa mingine, eti wamesikia huku ndiko kwenye vinyozi. Mama wa mboga akauza mpaka mafungu yaliyonyauka. Sijawahi kuchoka vizuri namna hii.

Sababu ya wema wake naijua. Ule mkutano wangu ulimtia mgeni hofu, ndiyo maana ana adabu.

Jumamosi, 15 Machi

Mgeni amepata chumba. Kiko nyuma ya kwetu. Mama ameshapatana na mwenye nyumba, ameshafagia, ameshatundika pazia, na mimi nimeambiwa leo, kama mpita njia. Mke na mabinti wanafika wiki ijayo.

Lakini hayo madogo. Shemeji yangu amepiga simu kutoka mji mkubwa wa mbali. Vichwa tele, anasema, na taulo la moto hawalijui! Nimeamua. Nahama! Nitafungua duka kando ya kinyozi wa zamani wa huko, tuchangamshane. Bila shaka atafurahi kupata mwenzake wa kuongea naye. Mke wangu kauliza kama nimeshamwuliza. Nimwulize nini, na mimi ndiye ninayemletea maendeleo?

Shemeji kanionya kwamba mzee huyo hawapendi watu wa kuja. Nimeshangaa kupita kiasi. Mtu mzima, anayekula jasho lake, anamnunia jirani aliyekuja kutafuta riziki! Watu kama hao wamelelewa na nani?

Nimemsomea mama aya hiyo. Ameniomba nirudie swali.