Malalamiko Dhidi ya Vidole vya Bibi Yangu

Mheshimiwa Waziri wa Teknolojia na Maendeleo,

Kuna sauti moja haijanitoka sikioni tangu wiki iliyopita. Ni "tii" ya mashine ya alama za vidole katika kituo chenu cha usajili: fupi, yenye adabu, kama mtu anayekohoa ili apishwe njia. Bibi yangu aliweka dole gumba, mashine ikalia, na karani akasoma kwenye skrini: "Mtu huyu hatambuliki." Bibi akageuka nyuma aone ni nani huyo.

Mimi si msemaji, ndiyo maana naandika. Nimeisoma Sera yenu ya Teknolojia kwa Maendeleo ya Taifa toka jalada hadi jalada, nikaridhika kwamba haina kosa. Mwenye kosa ni bibi. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Vidole vyake havina mistari. Amekuwa dobi tangu ujana wake, akifua kwa mkono mashuka ya wagonjwa na mashati ya maofisa, na kwa sabuni hiyohiyo akanisomesha hadi chuo kikuu. Miaka yote hiyo hakuwaza hata siku moja kwamba taifa lingekuja kuvihitaji vidole vyake. Huko ni kukosa maono, na Sera inasisitiza maono karibu kila ukurasa.

2. Ni mbishi. Karani alipomuuliza, "Bibi, kidole hiki umekiazima wapi?" alijibu, "Nimekuja nacho duniani, mwanangu. Wewe chako ulinunua?" Foleni nzima ilicheka, mimi niliona aibu kwa niaba ya Serikali. Akapewa ushauri wa bure: apake mafuta na kupumzisha mikono. Alipumzika asubuhi moja. Mchana nikamkuta anafua kitambaa alichofutia mafuta.

3. Ana haraka. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kushoto limeshafunga kabisa. Daktari yuko tayari kumfanyia upasuaji, lakini hospitali haimpokei asiye na kadi ya kidijitali, na kadi haitoki bila kidole. Daktari mwenyewe alimtazama akakiri kwamba ni mtu, ila mfumo bado haujakubali. Sera inaahidi kwamba mfumo utaboreshwa katika awamu ya tatu. Bibi anadai jicho lake la kulia halijui mambo ya awamu.

Kwa hiyo naomba sheria. Katika foleni ile, aliyekubaliwa kwa mguso wa kwanza alikuwa bwana mmoja ambaye mkewe, aliyesimama pembeni, alitutangazia: "Huyu hata kikombe hajawahi kuosha. Hicho kidole kipya kabisa!" Nadhani huyo ndiye raia mliyemkusudia. Basi madobi, waashi, wakulima na wapishi wakatazwe kazi mpaka vidole vyao viote upya. Njaa itakuwepo, sikatai, lakini itakuwa njaa iliyosajiliwa. Hilo likishindikana, na kwa kuwa Sera inasema nchi yetu itakuwa kitovu cha teknolojia, mashine zisome vitovu. Kitovu hakijawahi kufua nguo ya mtu.

Nisalimie makatibu, madereva, na wote wanaolisukuma gurudumu la maendeleo hapo wizarani bila kuchubuka.

Wako katika kuingoja awamu,

Mjukuu wa dobi

Nyongeza: Naomba uyachane yote niliyoandika hapo juu. Mfumo wenu unafanya kazi. Juzi, barua hii ikiwa bado mkobani mwangu, tulirudi kituoni, na karani alipoinama kuiwasha mashine upya, niliweka dole gumba langu mahali pa la bibi. Bibi akatambulika papo hapo. "Unaona, bibi? Ni yale mafuta!" karani akasema, na bibi akamshukuru kwa heshima zote. Tangu hapo, kwa taifa hili, mimi ni ajuza wa miaka sabini na mmoja, na kadi yangu mwenyewe sitaipata, maana kidole changu kina mtu tayari. Nimelipima jambo hilo na nimelikubali. Bibi ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Nimeketi nje ya mlango, viatu vyake mapajani.