Protini Yangu Haihitaji Kupakwa Rangi

Jumanne, 4 Machi
Mkuu wa maabara amesema nisipoleta picha ya maana kufikia Ijumaa, zamu yangu kwenye hadubini ya leza atapewa Kinyonga. Kinyonga ni kijana asiyeona molekuli mpaka aipake rangi. Mimi nashikilia kuwa protini ina mwanga wake. Fotoni mbili dhaifu, yaani chembe za mwanga, zikiigonga kwa pamoja, itang'aa, tena pale pale lenzi ilipolenga. Kinyonga kaniambia, Babu, umri huu pumzika. Sikuvuka mipaka yote ile nije kupumzika.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Kinyonga anaitwa ghorofa ya chini. Hakuna aliyemwita. Nikaikalia hadubini. Giza tupu. Nalijua giza hili tangu nije ugenini: kitu kipo, hukioni. Mke wangu anasema mkosi ni koti langu la maabara, limefubaa, nani atamwamini mtu wa koti lile? Amelifua kwa sabuni ya kung'arisha nguo nyeupe.

Alhamisi, 6 Machi
Mwanga! Buluu, nyuzi nyuzi, kama mishipa ya jani. Nilipangusa kioo cha sampuli kwa mkono wa koti, nikadondoshea protini juu yake, hiyo hapo. Nimemwarifu mkuu, mpishi wa kantini na mlinzi. Mlinzi kanipa mkono.

Ijumaa, 7 Machi
Mbele ya wote Kinyonga akauliza, kwa adabu ya kuudhi, kioo kisicho na protini kinaonyesha nini. Swali la kitoto. Nikapangusa kioo kitupu, nikakiweka. Kikang'aa kuliko cha jana. Kumbe sabuni ile huacha dawa inayong'aa kwenye nyuzi, na koti lilikuwa likipukutisha nyuzi. Watu wakashika mbavu. Mkuu hakucheka, alisema tu zamu imehama. Mke wangu anasema angalau koti lilitakata.

Jumatatu, 10 Machi
Kinyonga amenipa nusu ya zamu yake. Eti, Babu, nasi tutazeeka. Kusalimu amri huko. Akaniomba nianze na kioo kitupu. Nikamjibu kwamba aliyeuona mwezi mara ya kwanza hakutangulia kupima anga tupu. Sasa hivi naona mwanga wa kijani, mpana, mtulivu. Nimeshampigia mkuu simu, aje na wageni wake. Kioo kitupu kitasubiri.