Likizo ya Bosi Kitambi

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Makumbusho yetu, kwa hekima isiyo na mfano, yamefungua onyesho la Kandambili, yule tarishi wa katuni za gazetini tuliyecheka naye tangu enzi za kukojoa kitandani.

Mimi ni Kaimu Mkuu wa Makumbusho. Nimekaimu hadi kipara kimeniota. Kila nikiomba kuthibitishwa, Mheshimiwa Waziri hunipiga bega: "Njoo kesho, kijana."

Kivutio kikuu ni ubao uliosimama wima, mrefu kuliko mtu. Kushoto yuko Kandambili na faili lake, ndala moja nyekundu, nyingine bluu. Kulia bosi wake, Kitambi, na juu ya kichwa chake puto lenye maneno anayoyasema kila wiki: NJOO KESHO!

Siku ya ukaguzi Mheshimiwa aliutumbulia macho.

"Huyu mnene ni nani?"

"Mtu wa kuchorwa tu, Mheshimiwa."

"Mbona kavaa tai yangu?"

"Aliivaa kabla yako, Mheshimiwa."

"Aondoke!"

Kamati Ndogo ya Staha ya Vicheko ikaketi, ikala, ikaazimia: Kitambi apewe likizo ya kitaswira. Fundi seremala akamkata kwa msumeno, akifuata mstari bila kulipunja tumbo. Puto hakuligusa.

"Na hili?" nikamuuliza.

"Bosi, nimeambiwa nitoe mtu. Maneno si mtu."

Hoja nzito. Tundu lililobaki tukalibatiza Nafasi ya Tafakuri.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulifurika. Mheshimiwa akataka picha na Kandambili, maana uchaguzi ulikuwa unanukia, na Kandambili anapendwa kuliko yeye.

"Rudi nyuma kidogo, baba," mpigapicha akamwambia. "Tena. Kidogo tu. Hapo hapo!"

Hapo hapo kweli. Mheshimiwa aliingia tunduni kinyumenyume. Mabega yakapita, tumbo likagoma. Mbele haendi, nyuma harudi, kama kizibo kwenye chupa. Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja alijifuta machozi: "Jamani, kumbe Kitambi alikuwa likizo tu!"

"Kaimu!" Mheshimiwa akafoka. "Leta msumeno!"

"Mheshimiwa, kanuni zako mwenyewe zinasema kielelezo hakikatwi ila kwa amri ya Mkuu aliyethibitishwa. Mimi nakaimu tu."

"Nimekuthibitisha! Kalamu iko wapi?"

Kalamu ninayo daima, na barua pia. Akasaini juu ya tumbo lake, meza pekee iliyokuwa karibu. Nikapuliza wino, nikakunja, nikatia mfukoni.

"Haya, Mkuu," akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, "nitoe basi."

Wajibu wa kwanza wa Mkuu ni kulinda vielelezo. Nikampiga bega, kama alivyozoea kunipiga, kisha nikalinyooshea kidole puto lililokuwa juu ya kichwa chake.

Ukumbi mzima ukamsomea.