Waraka wa Folo Apu

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote na bendera mbili za plastiki, kwamba Idara ya Maombi na Malalamiko imeingia rasmi katika zama za utendaji wa kisasa. Mkurugenzi alikuwa ametoka semina ya siku nne. Wenzake walirudi na begi na kalamu. Yeye alirudi na kitenzi.

Kitenzi chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, cha maneno mawili: folo apu. Kuanzia siku hiyo, waraka ulisema, kila mtumishi atakitumia katika sentensi zisizopungua kumi kwa siku, zitokane na kazi yake halisi, na ziandikwe kwenye daftari. Mwisho wa mwezi mkaguzi atatoka makao makuu kuja kutahini. Aya ya tisa, ambayo Mkurugenzi aliitunga mwenyewe na akaisoma mara mbili kwa jinsi ilivyomfurahisha, ilisema mwenye cheo atakayefeli atavuliwa, awekwe chini ya mtumishi aliyepata alama za juu kuliko wote, amsaidie kazi zake hadi kitenzi kimkae. Asiye na cheo cha kuvuliwa atapumzishwa moja kwa moja.

Mama Birika alikuwa amesimama nyuma kabisa na trei yake. Alikuwa amepika chai na kufagia idara hiyo miaka kumi na tisa, na katika jengo zima ni yeye peke yake asiye na cheo cha kuvuliwa.

"Na mimi pia, bosi?"

"Kila mtumishi, mama. Maendeleo hayabagui."

Tuseme haki: waraka ulifanya kazi. Ndani ya wiki moja idara ilibadilika hadi wenyewe wakajishangaa. Zamani mwananchi akifika dirishani aliambiwa aje kesho. Sasa aliambiwa, "Tunafolo apu," ndipo akaambiwa aje kesho. Karani wa mapokezi alimaliza sentensi zake kumi kabla ya saa nne, akageukia gazeti. Afisa usafiri alifolo apu chakula chake cha mchana. Mkurugenzi mwenyewe alifikisha sentensi sitini kwa siku moja, nyingi kwenye simu, na jioni alitoka akiwa hoi.

Aliyekosa kuuona uzuri wa zama mpya ni fundi viatu mmoja, mzee wa watu, aliyekuja kila Jumanne akiegemea fimbo. Mbele ya kibanda chake ulichimbwa mtaro ukaachwa wazi. Miaka minne iliyopita alitumbukia humo akavunjika mguu, na alipopata nafuu akaandika barua kuomba ufunikwe.

"Barua yako tunaifolo apu, mzee," karani alimwambia.

"Wiki ile uliniambia mnaishughulikia."

"Ndiyo. Sasa tumepanda daraja."

Mama Birika alimpa kikombe cha chai pale kwenye benchi, kama kawaida yake.

"Jana ametumbukia muuza mayai," mzee alisema. "Trei nzima, mwanangu. Mimi nakaa pale nasubiri nani atafuata."

"Pole, baba." Mama Birika aliinamisha macho. Kulikuwa na jambo alilolijua, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni alimweleza mumewe, fundi cherehani, kwamba kazi imekwisha, ajiandae kulisha watu wawili kwa sindano moja.

"Neno lenyewe maana yake nini?" mume aliuliza, uzi mdomoni.

"Karani ameniangalizia kwenye kamusi. Eti ni kulifuata jambo mpaka ujue limeishia wapi."

Mume alicheka hadi uzi ukamdondoka. "Sasa cha kukutisha ni nini hapo? Wewe ndiye unayefagia. Kuna kitu mle ndani usichojua kimeishia wapi?"

"Nikisema, watanifukuza."

"Usiposema utafeli, watakufukuza vilevile. Si bora ufukuzwe umeshasema?"

Mama Birika aliuokota ule uzi, akamrudishia. Kisha akaliomba lile daftari.

Siku ya mtihani mkaguzi aliwasili mapema: mama mfupi, miwani imefungwa kwa kamba, hana maneno mengi. Alikalishwa nyuma ya meza kubwa ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaketi pembeni karibu na kikombe chake. Wafanyakazi wakapita mmoja mmoja.

"Nitafolo apu," alisema karani.

"Tutaendelea kufolo apu," alisema afisa usafiri.

Mkurugenzi alisema sentensi ya dakika mbili, yenye mikakati, mifumo na wadau, na mwisho wake kabisa, kama mgeni aliyechelewa, folo apu. Watu walipiga makofi. Mkaguzi aliandika kitu kifupi.

Mama Birika alisimama. Akafungua daftari.

"Barua ya walimu walioomba vioo vya madarasa nimeifolo apu. Imeziba dirisha la stoo lililovunjika." Akafunua ukurasa. "Maombi ya wauguzi nimeyafolo apu. Nilipewa na karani nifunikie birika. Na barua ya fundi viatu nimeifolo apu. Iko ndani ya faili lililo chini ya mguu wa meza hii, kushoto. Meza ilikuwa inacheza."

Karani aliinama kuchungulia chini ya meza.

"Mheshimiwa mkaguzi," Mkurugenzi aliwahi, "mama huyu Kiingereza hakijui."

"Kitenzi anakijua," mkaguzi alijibu. "Nipe na wewe jambo moja ulilolifuata likaisha. Moja tu."

Mkurugenzi alitazama dari. Alitazama bendera. "Nita..."

"Lililoisha."

Alipoona hakuna kinachokuja, mkaguzi aliinama akalivuta faili. Meza ikalala upande. Cheti cha semina kiliteleza kwanza, bendera zikafuata, na chai ikamalizikia kwenye suruali ya Mkurugenzi. Ndani ya faili kibali cha mafundi kilikuwa tayari, miaka mitatu sasa, kimebakiza sahihi moja. Mahali pa kusaini palikuwa pamewekewa alama ya penseli. Mkurugenzi alisaini akiwa amelowa.

Mama Birika alipata kumi kwa kumi. Aya ya tisa ikasomwa kwa mara ya tatu, safari hii na mkaguzi.

Jumanne fundi viatu alipoingia alimkuta mtu wa tai anafagia ukumbi, akiinua faili mojamoja na kusoma jina lililo juu yake.

"Shikamoo, mzee," alisema mtu wa tai.

"Marahaba. Barua yangu vipi?"

"Mzee, tunafo..."

Mama Birika aliweka birika chini.

Mtu wa tai aliegemeza ufagio ukutani. "Imesainiwa," alisema polepole. "Mafundi wanaanza kesho. Na mimi nimeagizwa nije nisimame pale mtaroni mpaka mfuniko wa mwisho uwekwe."

Fundi viatu alivitazama viatu vya mtu wa tai vinavyong'aa, kwa jicho la mtu anayeijua kazi yake.

"Basi njoo na vingine," alimwambia. "Hapo kwangu huwa wanatumbukia."