Ngazi za Umeme za Pikapu ya Mkwe

Jumanne, 3 Juni
Dawa nimeipata! Jumapili mjukuu wangu Dorkas anapokea komunyo ya kwanza kule Butiama. Safari hii bibi yake anakaa mbele.

Pikapu ya mkwe wangu Edwin ilishainuliwa, iko juu kama dari. Kupanda mpaka ushikwe mkono. Na mkwe hamshiki mama mkwe, mwiko. Sisi hata salamu tunapeanaga kwa mbali. Adventina, mama yake Edwin, anabebwa na mwanawe kama trei ya mayai, anawekwa mbele. Mimi nakanyaga ndoo, napanda nyuma, nakaa na magunia. Mama wa watu!

Sasa fundi Yusto wa Mwisenge ana ngazi za pembeni za umeme. Ukifungua mlango zinashuka zenyewe, ukifunga zinajificha. Anasema zitakaa kama zimetoka nazo kiwandani. Nimemtuma binti yangu Gloria kwa mumewe. Edwin kakubali. Mkwe ninaye!

Alhamisi, 5 Juni
Yusto kafuata waya Bunda, karudi, kafunga. Nimefungua mlango, ngazi hiyoo! Nimepanda kama mheshimiwa. Edwin alijibanza nyuma ya jiko kwa heshima, akatuma neno kwa Gloria kwamba mama kapendeza. Machozi yalinitoka.

Yusto kaonya mlango usifungwe kabla mtu hajatoka sawasawa kwenye ngazi. Mafundi na maneno.

Jumamosi, 7 Juni
Nusu ya mtaa wetu wa Kitaji imekuja kujaribu ngazi. Niliwaruhusu, sina roho ya uchoyo. Fungua, funga, fungua, funga. Betri ikafa! Dorkas apokee bila mimi? Yusto kachaji, gari limewaka. Nilijua tu.

Nimemweleza Adventina kwa upole kwamba kesho atakaa katikati, anitenge na mkwe. Dirishani mimi. Kasema haya, dirishani kuna jua. Wivu huo.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani watu tele. Nilishuka taratibu ili wanione vizuri. Nimeshakanyaga chini, pindo la kitenge bado liko juu ya ngazi. Adventina kavuta mlango kwa ndani, ati vumbi. Ngazi ikapanda na kitenge changu!

Edwin akageukia ukuta wa kanisa, akawa anauambia ukuta: "Mama, mwambie mama mkwe afungue mlango tu."

Ningefungua. Ila kengele ililia, nikaona mtoto atapokea bila mimi. Nikaruka. Kitenge kikabaki kwenye gari, mimi nikabaki na gagulo mbele ya ukoo mzima.

Adventina alishuka upande wa pili peke yake, hakubebwa na mtu. Akavua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni. "Twende, dada. Mtoto anatutafuta kwa macho."

Kweli alikuwa anatutafuta. Alipotuona akacheka, jino la mbele hana. Nililia mpaka mwisho wa misa.

Jumatatu, 9 Juni
Wazee wamesema achinjwe mbuzi wa kuondoa mwiko, ati mkwe kaona gagulo. Gloria anasema ngazi zing'olewe, turudi kwenye ndoo. Turudi nyuma? Nimefikiria sana. Ngazi haina kosa, kosa ni mkono wa Adventina. Nimepita kwa Yusto kuuliza mlango unaojifunga wenyewe kwa umeme. Anasema haishindikani.

Mbuzi atatoka Butiama kwa pikapu hiyohiyo. Nimemwagizia na yeye ngazi yake.